Hati ya Kitandani

Karibu kila wosia unaoandikwa kwa Kiswahili siku hizi hufunguliwa na maneno yale yale: mimi fulani, mkazi wa mahali fulani, nikiwa na akili timamu na bila kushurutishwa na mtu yeyote, natamka kwamba huu ndio wosia wangu. Ukiutazama kwa jicho la mhakiki, ni ufunguzi wa ajabu. Sijui utanzu mwingine unaomtaka msemaji aanze kwa kuapa kwamba hajarukwa na akili. Mwandishi wa barua hafanyi hivyo, wala mshairi, wala mhubiri. Mtu akisimama barazani akasema "jamani, mimi nina akili zangu timamu" kabla hajaulizwa, wenzake watatazamana. Katika wosia maneno hayo yanapita bila mtu kushtuka, kwa sababu sote tunajua anajibiwa nani: mrithi ambaye bado hajalalamika, katika kesi ambayo haijafunguliwa, siku ambayo msemaji hatakuwapo kuulizwa.

Hati ikiandikwa na mtu mwenye afya yake, sentensi hiyo hupita kama salamu. Ikiandikwa kitandani, hospitalini au nyumbani baada ya madaktari kusema mrudisheni, hulemewa. Yanayosemwa baada ya arobaini tunayajua. Mzee alikuwa hatambui mtu. Zile dawa za maumivu zilikuwa zinamlewesha. Figo zilikuwa zimekwisha, hata kuongea alikuwa anaongea ovyo. Aliyemuuguza ndiye aliyeshika kalamu. Ile si sahihi yake, baba hakuwa anasaini hivyo. Na upande wa pili nao una jibu lake moja, ambalo mara nyingi ndilo linaloumiza zaidi: wewe ulikuwa wapi alipokuwa anaugua?

Nataka kuusoma wosia wa mgonjwa kama tunavyosoma kazi yoyote yenye umbo, na dai langu ni hili: ile sentensi ya akili timamu haithibitishi kitu. Aliyezimia anaweza kuandikiwa, na mwenye akili kali anaweza kuisahau. Wosia una matukio matatu ndani yake: kusema, kuandika, na kukubali kilichoandikwa. Kwa mtu mwenye afya matatu hayo hufuatana bila pengo. Kwa mgonjwa, homa huingia katikati. Anayetaka kujua kama hati ni ya marehemu aache ufunguzi, atazame viungo vile vinavyounganisha tukio moja na jingine.

Hakuna simulizi inayovionyesha viungo hivyo kwa uwazi kuliko ile anayoisimulia mwanahistoria Tabari kuhusu kufa kwa Khalifa Abu Bakr, Madina, mwaka 13 Hijria, yaani 634. Abu Bakr alikuwa mgonjwa wa homa na alitaka kumtaja atakayeongoza baada yake. Akamwita Uthman bin Affan amwandikie. Akaanza kusema: jina la Mwenyezi Mungu, jina lake yeye mwenyewe, tamko kwamba haya ndiyo anayowausia Waislamu. Kisha akazimia. Uthman akabaki na kalamu mkononi na hati isiyo na kiini. Kila kilichotangulia kilikuwa ni fomula, maneno ambayo mwandishi yeyote wa zama zile angeweza kuyaandika bila kuambiwa. Kilichokosekana ni jina. Uthman akaliandika: Umar bin al-Khattab. Abu Bakr alipozinduka akamwambia amsomee. Akasomewa, akatoa takbira, akasema ameona kwamba Uthman alihofu watu wasije wakafarakana kama yeye angefia katika kule kuzimia. Uthman akakiri. Abu Bakr akamwombea heri.

Tuitazame taratibu. Neno zito kuliko yote katika hati hiyo halikutoka kinywani mwa mwenye wosia. Liliandikwa na mwandishi wakati mwenye wosia hana fahamu. Wakili wa leo anayetaka kuubatilisha wosia asingehitaji zaidi ya hapo. Lakini simulizi yenyewe, kwa umbo lake, inafunga mlango huo kwa namna mbili. Ya kwanza ni kusomewa: tukio la tatu linafanyika baada ya pengo, si kabla yake, na linafanyika kwa sauti. Ya pili ndiyo inayonivutia zaidi. Abu Bakr hakusema "nina akili timamu." Alisema, kwa maana, najua nilizimia, na najua kwa nini uliandika ulichoandika. Mgonjwa anayetambua kwamba kulikuwa na muda hakuwapo, na anayeisoma nia ya mwenzake katika muda ule, ametoa ushahidi wa akili ambao hakuna fomula inayoweza kuutoa. Na msimulizi hakulificha pengo. Mtu anayetunga hadithi ya kuutetea wosia angeanza kwa kuifuta ile sehemu ya kuzimia.

Karne 12 na nusu baadaye, Uingereza, pengo lile lile likafika mahakamani. Mjane kijana, asiyefika hata miaka 30, alikuwa na ugonjwa wa figo. Alimweleza wakili wake namna anavyotaka mali yake igawanywe, na wakili akaenda kuandaa hati. Kabla haijarudi, mgonjwa akaingia katika usingizi mzito wa ugonjwa wake. Hati ilipoletwa mwaka 1882 ilibidi aamshwe. Akaulizwa kama anataka mwanamke aliyekuwapo chumbani amtilie sahihi, akajibu ndiyo. Basi. Neno moja. Katika kesi hiyo ya Parker na Felgate, mwaka 1883, Jaji Hannen aliwaeleza wazee wa baraza kwamba kuna ngazi tatu za kuelewa. Mgonjwa anaweza kuwa anakumbuka maagizo yake yote. Au akisomewa kifungu kimoja kimoja anaweza kukielewa. Au, kwa uchache kabisa, anaweza kuwa anajua tu kwamba hii ni ile hati niliyoagiza iandikwe, na ninaikubali. Ngazi yoyote kati ya hizo inatosha. Baraza likaona mjane alifika ngazi ya tatu, na wosia ukasimama.

Hapa uzito umehamishwa. Madina ulikaa kwenye kusomewa. Uingereza umerudishwa nyuma, kwenye maagizo ya siku mgonjwa alipokuwa bado anazungumza. Ile "ndiyo" haibebi maudhui yoyote, inaelekeza tu kidole kwa mazungumzo ya zamani. Kisheria naiona busara yake: ni ukatili kumnyima mtu kauli yake kwa kuwa karani alichelewa. Kimaumbo ni hatari, maana kila kitu sasa kinategemea aliyeyabeba maneno kutoka tukio la kwanza hadi la pili. Akiwa ni wakili mwenye daftari, sawa. Akiwa ni shemeji je?

Swali hilo lilijibiwa mwaka 1948 na majaji wa Privy Council, baraza la rufaa la makoloni ya Uingereza, katika rufaa iliyotoka Fiji, Battan Singh na Amirchand. Mwenye wosia alikuwa mtu wa asili ya Kihindi aliyekuwa akifa kwa kifua kikuu. Aliweka wosia wake wa mwisho saa chache kabla ya kufa, akiwaachia mali watu baki. Ndani yake mlikuwa na tamko kwamba hana jamaa popote. Alikuwa nao: watoto wa ndugu zake, ambao katika wosia uliotangulia aliwakumbuka vizuri. Majaji wakasema kanuni ya yule mjane itumiwe kwa tahadhari kubwa sana pale ambapo maagizo yamepita kwa mtu wa kati, na wosia ukaanguka. Ninachokipenda katika kesi hii ni kwamba hati ilijishitaki yenyewe. Bila shaka ilikuwa na sahihi, mashahidi na tarehe. Sentensi moja ya katikati, ambayo pengine mwandishi aliiona ni ya kujazia tu, ilionyesha ama mgonjwa amewasahau watu wake ama maneno si yake. Kwa vyovyote vile, msemaji hayumo.

Iweke kando ya kesi ya Banks na Goodfellow ya 1870, ambayo mahakama za Kenya huirejea hadi leo. John Banks aliwahi kufungiwa katika hospitali ya wendawazimu. Aliamini kwamba anaandamwa na mtu fulani aliyekwisha kufa zamani, na kwamba pepo wabaya wanamfuata. Kama tungepima kwa ufunguzi, huyu ndiye mtu wa mwisho kuruhusiwa kutamka kwamba ana akili timamu. Lakini wosia wake wa 1863 ulimpa mali, nyumba 15, binti wa ndugu yake aliyekuwa akiishi naye. Hakuna pepo katika hati ile. Yule mfu hatajwi. Jaji Mkuu Cockburn akasema kwa ufupi kwamba tuulize kama mtu alijua anachofanya, alijua alicho nacho, aliwajua wanaostahili kukumbukwa, na kama maradhi ya akili hayakuingia katika ugawaji wenyewe. Wazimu uliokaa nje ya maandishi haukuyabatilisha maandishi. Banks alikuwa mgonjwa wa akili na wosia wake ulisomeka sawasawa; yule wa Fiji alikuwa mgonjwa wa kifua na wosia wake ukasomeka kombo. Cheti cha daktari peke yake kingewapanga kinyume.

Mahakama, kwa maneno mengine, hufanya uhakiki bila kuuita hivyo. Husoma ndani.

Kanuni za mila za Tanzania Bara, zilizotangazwa na Serikali mwaka 1963 kwa Tangazo Na. 436, zinalishughulikia umbo kwa namna ambayo wanasheria wengi huipita haraka. Zinataka wosia wa maandishi uwe wa wino au wa taipu, uwe na tarehe, na uwe na mashahidi wanaojua kusoma na kuandika: wawili kwa mwenye wosia anayejua kusoma, wanne kwa asiyejua, ambaye ataweka dole gumba. Wosia wa mdomo unataka mashahidi wanne. Na katika kila hali mashahidi wachanganywe, wa ukoo na watu baki. Wengi huona hapo hesabu tu ya vichwa. Mimi naona wahusika waliopangwa. Mtu wa ukoo anajua ni jina gani halikutajwa, na mgonjwa akiruka mtoto atashtuka. Mtu baki hana la kupata, hivyo atasema alichosikia. Chumba cha mgonjwa kimejazwa kwa makusudi masikio ya aina mbili, na kila aina inaziba udhaifu wa nyingine.

Kanuni hizo hizo zinataja sababu za kumnyima mtu urithi, na mojawapo ni kwamba mrithi, bila sababu ya haki, hakumtunza mwenye wosia wakati wa njaa au ugonjwa. Maradhi, ambayo tangu mwanzo yamekuwa tishio kwa akili ya msemaji, hapa yanageuka kuwa mtihani wa wasikilizaji. Yule anayedai "baba hakuwa na akili alipoandika" anaweza kuwa ndiye aliyenyimwa kwa kuwa hakuja kumwona baba. Ndiyo maana lile swali la "ulikuwa wapi?" halitoki tu kwenye hasira za msibani, lina mahali pake katika sheria. Kanuni zinataka pia anayenyimwa atajwe waziwazi, sababu itolewe, na apewe nafasi ya kujitetea. Kwa umbo hili ni jambo la nadra. Wosia kwa tabia yake ni usemi usiojibiwa, maana anayesema ameondoka. Hapa mila imelazimisha mazungumzo, na imeyaweka kabla ya kifo. Kwamba ni familia chache zinazoyafanya ni suala jingine. Mzee anayekohoa damu hataki kumkabili mwanawe, na mwana naye hataki kusikia.

Kwa Waislamu wa pwani tatizo limewekwa mahali pengine kabisa. Katika fiqhi, wosia hauvuki theluthi ya mali ila kwa ridhaa ya warithi, na zawadi aliyoitoa mtu katika maradhi ya mauti huhesabiwa kama wosia, iingie katika theluthi hiyo. Yaani mtu anaweza kusema "shamba hili nimempa fulani," akalikabidhi, mashahidi wakawapo, na bado tusijue ametamka nini. Akipona, alichotoa ni zawadi iliyokamilika, hata kama ni mali yake yote. Akifa kwa maradhi yale, maneno yale yale, kwa mdomo ule ule, ni wosia, na yanapunguzwa. Utanzu wa kauli unaamuliwa na jambo linalotokea baada ya kauli kwisha. Kuna kazi chache duniani ambazo msomaji hawezi kujua anasoma nini mpaka mwandishi afe.

Wanazuoni walilijua tatizo hilo, wakajaribu kulishika mapema. Imamu Nawawi, katika Minhaj, kitabu cha karne ya 13 ambacho wafuasi wa madhehebu ya Shafi, walio wengi pwani yetu, wamekisoma vizazi na vizazi, anaorodhesha maradhi ya kuhofiwa: msokoto wa tumbo, kichomi, damu ya pua isiyokatika, kuhara kusikokoma, mwanzo wa kiharusi. Angalia usahihi wake: mwanzo wa kiharusi, si kiharusi kilichozoeleka, kwa sababu aliyepooza miaka 10 hayuko tena mlangoni pa kifo. Pakiwa na shaka, hutafutwa matabibu wawili waadilifu. Kisha anaunganisha na maradhi hali ambazo si maradhi hata kidogo: mwanamke mwenye uchungu wa kuzaa, na aliyemo chomboni upepo ukivuma na mawimbi yakipanda. Baharia mzima mwenye misuli, katikati ya kusi, kwa mujibu wa fiqhi anausia kama mgonjwa. Orodha hii haiulizi kama msemaji ana akili. Inamkubali kuwa nayo, na inashuku kitu kingine, kwamba mtu anayemwona Malaika wa Mauti huwa mkarimu kupita kiasi kwa mali ambayo haitamfaa tena.

Saad bin Abi Waqqas, sahaba wa Mtume, ndiye mfano wa hilo. Aliugua Makka wakati wa Hija ya Kuaga akadhani ameshafika. Alikuwa na binti mmoja tu, akataka kuitoa sadaka theluthi mbili za mali yake. Mtume akamkataza, akakataa na nusu, akamkubalia theluthi huku akisema hata hiyo ni nyingi. Theluthi tuliyo nayo leo imetoka hapo. Wanaoisimulia hadithi hii mara nyingi huishia kwenye hesabu. Mwendelezo wake ni kwamba Saad alipona, akaongoza jeshi katika vita vya Qadisiyya, akauasisi mji wa Kufa, akaishi zaidi ya miaka 40 na kupata watoto wengine. Wosia uliopimwa kwa hesabu ya mrithi mmoja, binti yule, ungewakuta na ndugu zake wote.

Sheria ya Kenya ya urithi, iliyoanza kutumika 1981, imejaribu kulitatua hili kwa kalenda. Wosia wa mdomo mbele ya mashahidi wawili ni halali iwapo msemaji amekufa ndani ya miezi mitatu. Zawadi ya anayetarajia kufa kwa ugonjwa alio nao huanguka akiushinda ugonjwa huo. Ni safi na rahisi kusimamia, nami sina la kuongeza, ila kwamba mgonjwa wa saratani anayesema vizuri mwezi Januari na kufa Mei amesema bure.

Nimeuacha mwisho wosia ambao hakuna mahakama itakayoletewa. Mwana Kupona binti Mshamu, mzaliwa wa Pate, mjane wa Bwana Mataka wa Siyu aliyepigana na Sultani Sayyid Said wa Zanzibar, alitunga utendi wake mwaka 1275 Hijria, yaani 1858, akiwa mgonjwa. Inakadiriwa alifariki kama miaka miwili baadaye. Kwa kipimo cha miezi mitatu cha Kenya, nchi ambayo Pate na Siyu zimo sasa, kama angeusema kwa mdomo tu usingesimama. Tumezoea kuusoma utendi huu kwa maudhui: mke na mume, adabu, utiifu. Alice Werner na William Hichens walipouchapisha mwaka 1934 walichukua sehemu moja, wajibu wa mke, wakaifanya jina la kazi nzima, kama kwamba mwenye wosia hakuwa na kifungu kingine. Mimi nausoma hapa kama hati ya kitandani, na kwa kipimo hicho ni hati iliyofungwa vizuri kuliko nyingi zilizopita mikononi mwa mawakili.

Kwanza, hana sentensi ya akili timamu. Anaanza kwa kukiri upande wa pili: maradhi yamemshika hadi mwaka umetimia, na katika muda huo hakupata kusema neno la maana na bintiye. Ni kama Abu Bakr anayekiri kuzimia. Msemaji analionyesha pengo mwenyewe, analipima kwa urefu wake, kisha anasema kutokea ng'ambo yake. Pili, tukio la kuandika limo ndani ya maandishi. Binti anaitwa asogee, alete wino na karatasi, akae, aanze kwa jina la Mungu, amtaje Mtume na masahaba. Tunaiona kalamu ikitembea. Katika wosia wa kawaida mwandishi amefichwa, na ndipo shaka inapoingia. Hapa yuko mbele yetu na ana jina, Mwana Hashima, msichana wa miaka kama 17.

Na hapa ndipo ninapoliona jambo ambalo sijaliona likisemwa. Aliyeshika kalamu ndiye anayeusiwa. Mahakama yoyote ingesimama hapo. Tangu kesi ya Barry na Butlin ya 1838, majaji wa Kiingereza na waliowafuata wamesema kwamba mnufaika akiuandaa wosia mwenyewe, hati inaingia mahakamani ikiwa na doa, na ni juu yake kulifuta. Mwana Hashima ni mnufaika na ni karani. Lakini mnufaika wa nini? Mali inayotajwa ni hirizi ya kufungwa kwa uzi na kidani cha vito vya baharini, na vyote viwili ni maneno tu: hirizi ni mawaidha, kidani ni beti. Kinachobaki baada ya kuvua istiari hiyo ni kazi. Aswali, aseme kwa adabu, asichanganyike na wapumbavu, amtunze mume akiwa macho na akiwa usingizini, aangalie nyumba. Hakuna binti anayeghushi deni lake mwenyewe. Doa linafutwa na maudhui, kama vile maudhui yalivyomwokoa Banks na kumwangusha yule wa Fiji.

Kisha msikilizaji anabadilika. Baada ya kusema na mmoja kwa beti nyingi, mama anageuka akawaita wanawake wote wausome na kuuelewa. Wapo wanaoliona geuko hilo kuwa ni ulegevu wa muundo, kwamba mtunzi amemsahau aliye mbele yake. Mimi naliona kuwa ni uitaji wa mashahidi. Chumba kilikuwa na watu wawili tu, mmoja anakufa na mwingine ananufaika, na hati ya namna hiyo haina mtu baki. Utendi unawaleta watu baki kwa kufungua mlango kwa kila msomaji. Baada ya hapo inakuja dua ndefu, na mwishoni mhuri: mtunzi anajitambulisha, anataja Pate alikozaliwa, anahesabu beti zake, 102, na kuweka mwaka. Kuhesabu beti si mbwembwe za manju. Ni kinga dhidi ya mkono utakaoongeza kifungu baadaye, na kina cha mwisho kinachorudi ubeti baada ya ubeti kinaifanya kazi hiyo hiyo kwa sikio. Nakala zilizotufikia hazilingani neno kwa neno. Pale zinapohitilafiana, hesabu yake mwenyewe ndiyo ya kwanza kushika.

Ugomvi juu ya wosia huu upo, ila umehamia vyuoni. Ann Biersteker, mwaka 1991, alitaka tuufikirie upya, akiuliza kama yale mawaidha ya utiifu yachukuliwe kama yalivyo au yana kejeli na hila ya mwanamke anayeyajua madaraka. Waliotangulia na waliofuata wamesema kinyume chake, kwamba mtunzi ni sauti ya jamii ya wanaume iliyopita kinywani mwa mwanamke. Zikilinganishwa na lugha ya mahakama, hizi ni hoja mbili za zamani: upande mmoja unasema maneno ya hati siyo nia ya mwenye hati, upande wa pili unadai shinikizo, kwamba mkono wake uliongozwa. Sioni kejeli pale wengine wanapoiona, kwa sababu anayekejeli huacha mlango wa kutokea, na mtunzi huyu amejifungia kwa jina, mahali, idadi na tarehe. Kuhusu shinikizo, anayedai ana mzigo wa kuonyesha ni ubeti gani ambao mgonjwa, akisomewa na bintiye palepale kabla wino haujakauka, angeukataa.